Maswali ya Wasomaji: Wakinishika Mkono Steji, Nifanye Nini?

Barua za safari hii zimetoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma. Zote zinahusu wanawake kushikwa, kufuatwa na kurushiwa maneno njiani. Tumefupisha maswali na kuondoa majina.

Nasoma chuo Nakuru, na kila asubuhi hubadilisha gari katikati ya mji. Manamba hunivuta mkono na kunipigia miluzi. Siku moja mmoja alinishika kiuno, nikaganda kabisa, hata sauti ikakataa kutoka. Siku hizi nazunguka mbali ili nisipite pale, na nachelewa darasani. Rafiki zangu wanasema mimi ni mwoga. Ni kweli?
*Msichana wa Kaptembwa*

Si kweli, dada. Mwili ukishtushwa na hatari hupigana, hukimbia au huganda, na uamuzi huo hufanyika kabla akili haijapata nafasi ya kushauriwa. Wengi walioshikwa bila kutarajia husimulia kama ulivyosimulia wewe: miguu mizito, koo limekauka, halafu maneno yote mazuri yanakuja nusu saa baadaye. Anayekwambia ungempiga kofi anazungumza akiwa ameketi.

Kuhusu kuzunguka, usilione jambo dogo. Aliyeshikwa Jumatatu hutembea Jumanne akitazama mikono ya kila anayemkaribia. Hubadilisha njia, kisha saa, kisha nguo, mwishowe anaacha kazi ya jioni au darasa la saa moja, na hakuna anayeandika popote kwamba amepoteza kitu. Lakini amepoteza. Katiba yetu, katika ibara ya 39, inampa kila mtu uhuru wa kutembea, na ibara ya 29 inamkinga dhidi ya ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Kwa hiyo, ukizunguka leo kwa sababu ndiyo njia unayoiweza leo, zunguka bila aibu. Ila jua kwamba anayepaswa kuhama pale si wewe.

Sasa yale unayoweza kufanya. Mtu akikushika kifundo cha mkono, usivute moja kwa moja, maana hapo mnashindana nguvu. Geuza mkono kuelekea upande wa kidole gumba chake, ambako mshiko ni dhaifu, kisha rudisha kiwiko chako mwilini kwa haraka na uondoke hatua tatu nne. Sauti nayo ina namna yake. Ukisema tu "niache", wapita njia hudhani ni ugomvi wa wapenzi na hugeuza uso. Sema mambo mawili: "Simjui huyu!" na "Wewe mwenye fulana nyekundu, niachie mkono!" La kwanza linawaambia watu kwamba si mambo ya nyumbani, la pili linawaonyesha wamtazame nani. Usianze na "samahani" wala "tafadhali". Usitukane pia, kwa sababu tusi hugeuza mjadala, na mara utasikia wewe ndiye huna adabu. Yafanyie mazoezi maneno hayo nyumbani, kwa sauti. Ukiyawaza tu kichwani, siku ile yatakwama tena.

Chagua mapema sehemu tatu za kukimbilia kwenye njia yako: duka la dawa, kibanda cha M-Pesa, benki yenye mlinzi mlangoni. Ukifika, vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, mara kadhaa, mpaka mikono iache kutetemeka. Kisha andika kwenye simu saa, mahali, mavazi yake, gari aliloliitia abiria, na mahali hasa alipokugusa. Hilo la mwisho lina uzito kuliko unavyodhani. Tunalieleza katika jibu linalofuata. Na kama usingizi unakatika au tukio linajirudia kichwani kwa zaidi ya mwezi, nenda ofisi ya ushauri wa wanafunzi chuoni kwenu.

Nikitoka kazini Kisumu jioni, makanga alinipapasa matiti akisingizia ananisogeza ili mwingine akae. Nilienda kituo cha polisi nikaambiwa, "Mama, hayo si mnaweza kumalizana na wenye gari?" Je, sheria inasema nini? Nifanyeje wanisikilize?
*Mama wa Nyamasaria*

Mama, sheria iko upande wako, na iko wazi. Kifungu cha 11A cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kinaadhibu kitendo cha aibu dhidi ya mtu mzima: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Kitendo chenyewe kimeelezwa kuwa ni kugusa kwa makusudi sehemu za siri, matiti au makalio ya mtu kinyume cha sheria. Kumwonyesha mtu picha za ngono bila hiari yake kumo pia.

Hapa ndipo kesi nyingi huanza kuharibika. Mwanamke anaona haya na kuandikisha "alinishika vibaya". Afisa anaandika hivyo hivyo. Kesi ikifika kwa mwendesha mashtaka, haionekani aligusa wapi, na shtaka la 11A halina pa kusimama. Kwa hiyo taja kiungo kwa jina lake, taja mkono upi uligusa, kwa muda gani, na ulifanya au kusema nini kuonyesha hukutaka. Akikushika mkono au kiuno, shtaka ni lingine: shambulio, kifungu cha 250 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha hadi mwaka 1. Akikutishia kukudhuru, kifungu cha 238 kinafikia miaka 3. Na kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka 10 chini ya kifungu cha 251A, kilichoingizwa Desemba 2014, wiki chache baada ya wanawake kuandamana Nairobi kwa sababu ya wenzao waliovuliwa nguo hadharani.

Watu wengi hukimbilia kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kwa kuwa kinataja unyanyasaji wa kingono waziwazi. Hicho kinamhusu mwenye mamlaka au afisa wa umma anayekutaka kwa nguvu ya cheo chake. Makanga hana cheo hicho juu yako. Ukikitaja kituoni utapoteza muda.

Maneno matupu, miluzi na kejeli ni sehemu dhaifu ya sheria yetu. Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu matusi hadharani yanayoweza kuvunja amani, lakini si rahisi kukitumia kwa mtu aliyepiga mluzi na kutokomea. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 inayowawezesha polisi kumtoza faini papo hapo anayemdhalilisha mwanamke kwa maneno barabarani. Kenya hatuna kitu kama hicho, na tunaamini tunakihitaji.

Turudi kituoni. Nenda siku hiyo hiyo, kituo kilicho karibu na mahali tukio lilipotokea. Ulizia dawati la jinsia, na kama halina afisa wakati huo, andikisha kwenye kaunta. Usiondoke bila nambari ya OB, yaani nambari ya kitabu cha matukio ikiwa na tarehe. Bila hiyo, kesho utaambiwa hukuja. Ukiandika taarifa yako, isome kabla ya kutia sahihi, na kilichoandikwa tofauti kisahihishwe hapo hapo. Chukua jina na nambari ya afisa atakayepeleleza. Ukiambiwa mkamalizane, jibu kwa utulivu: "Naripoti kosa la kifungu cha 11A. Naomba nambari ya OB." Wakikataa, omba kumwona OCS, yaani mkuu wa kituo. Naye akikataa, malalamiko yanapelekwa IPOA, mamlaka inayosimamia mienendo ya polisi. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, kina ofisi Kisumu na huwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili. Simu ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

Usikate tamaa kwa sababu hukuwa na shahidi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la ngono kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na akiandika sababu zake.

Ushahidi wa gari ni nambari ya usajili, jina la sacco (ushirika wa wenye magari) lililoandikwa ubavuni, njia linayopita na saa. Makanga anapaswa kuvaa sare ya rangi ya damu ya mzee na dereva ya bluu. Kama hakuwa nayo, andika hilo pia. Pelekea uongozi wa sacco malalamiko kwa maandishi ukitaja nambari ya OB, nakala uipeleke NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Sacco ikikuita na kukuomba msamaha, unaweza kuupokea. Lakini usitie sahihi karatasi yoyote inayosema umeondoa kesi, hata ukirudishiwa nauli na juu yake.

Kuna kamera kwenye duka lililo karibu? Nenda mapema. Mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku chache. Mwombe mwenye duka asiifute, kisha mwambie mpelelezi akaichukue. Video yako mwenyewe ibaki kwenye simu ilivyo: usiikate, usiiongeze maandishi, na usitegemee nakala iliyopita WhatsApp, kwa sababu hupunguzwa ubora. Mahakamani itahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Na tunakusihi usimweke makanga huyo mtandaoni kabla hajakamatwa. Hasira yako ni ya haki kabisa. Lakini gwaride la utambulisho, ambapo shahidi humtambua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari, hukosa thamani ikiwa mashahidi wameshaiona sura yake Facebook, na wakili wake atalisema hilo kwanza kabla ya lingine lolote.

Neno kwa aliyefanyiwa makubwa kuliko haya: kama umebakwa, anza hospitali, polisi wafuate. Dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Usioge kwanza. Nguo uzitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, na hospitali kuu ya rufaa ya Nakuru zina huduma hizo.

Nauza samaki Kondele na hufunga saa mbili usiku. Taa za njia yetu ya kwenda Manyatta zimekufa, na kuna vijana hukaa gizani na kutuvutavuta. Tumelalamika kwa mdomo mpaka tumechoka.
*Mchuuzi, Kisumu*

Mama, lalamiko la mdomo halina tarehe. Taa za barabarani ni kazi ya serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeitaja kwa jina, pamoja na barabara za kaunti. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa MCA (mwakilishi wenu katika bunge la kaunti) na kwa idara inayoshughulika na taa. Iseme njia inaanzia wapi na kuishia wapi, nguzo ngapi zina taa zilizokufa, nambari za nguzo kama zimeandikwa, saa mnazopita, na mambo yaliyowapata pale yakiwa na nambari za OB kama zipo. Watie sahihi wachuuzi wote wanaotumia njia hiyo. Ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Ikinyamaziwa, nakala hiyo ndiyo mnayopeleka bunge la kaunti kama ombi rasmi.

Mkitaka taa mpya, angalieni kalenda. Mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi linalofika Juni hupewa ahadi tu.

Mkiulizwa mnataka taa gani, msichague kwa ukubwa. Ule mlingoti mrefu wa mulika mwizi humulika uwanja vizuri sana, lakini nyuma ya vibanda huacha kivuli kizito, na kivuli hicho ndicho wanachokaa vijana hao. Kwa kichochoro, taa fupi nyingi zilizofuatana zinafaa zaidi. Ombeni pia vibanda vitupu vilivyoziba njia viondolewe.

Kwa sasa, fungeni biashara saa moja na muondoke pamoja, pesa za mauzo ziwe zimeshaingia kwenye simu, masikioni msiwe na kitu. Haya ni ya kusubiria taa. Hayafai kuwa ndiyo jibu la kaunti.

Binti yangu ana miaka 13. Wanaume wazima humwita "bibi yangu" akitoka shule. Mama yake anataka avae sketi ndefu zaidi. Mimi nimefikiria kumtoa kwenye netiboli ili arudi mapema.
*Baba, Nyalenda*

Baba, msifanye yote mawili. Sare ni ile ile kwa wote na wanaume hao hawaangalii urefu wake. Mkimtoa kwenye netiboli, amelipia kosa la mtu mwingine, na akiitwa tena hatawaambia, maana ameshaona kuwa kusema humpotezea kitu anachokipenda.

Mwambie akupeleke, mtembee njia hiyo pamoja, akuonyeshe ni kona ipi na ni akina nani. Zungumza na mwenye kibanda wanakokaa na ujulishe shule na naibu wa chifu. Tafuta wasichana watatu au wanne wa mtaa wenu watembee pamoja. Akiguswa, si jambo la kuzungumzia steji: kitendo cha aibu kwa mtoto kina kifungo kisichopungua miaka 10. Simu ya bure ya watoto ni 116.

Mimi ni mwenyekiti wa steji ya boda boda Kakamega. Akina dada wawili wamenilalamikia. Vijana wangu wanasema wanasalimia wateja tu. Nataka kuweka sheria, lakini sitaki waone nimewageuka.
*Mwenyekiti*

Mwenyekiti, umefanya vyema kuwasikiliza hao dada. Salamu isipoitikiwa, imekwisha. Inayofuata baada ya hapo siyo salamu tena.

Chanzo kikubwa cha vurugu kwenye steji ni kugombania mteja. Mwanamke akishuka kwenye gari, pikipiki sita zinamzunguka, mmoja kashika begi, mwingine mkono, wa tatu anatoa maneno. Ondoeni kugombania na nusu ya shida itaondoka. Wekeni zamu: wa zamu pekee ndiye anayezungumza na mteja, akiwa kwenye pikipiki yake, kwa kuuliza mara moja, "Dada, twende?" Wengine wanyamaze. Mzigo usiguswe mpaka mwenyewe aseme. Mwili wa mteja usizungumzwe, hata kwa kusifia, hata akishaondoka.

Njiani kuna mambo ambayo wanawake huyajua na wenyeviti wengi hujifanya hawayajui. Lipo la kufunga breki bila sababu ili abiria amwangukie dereva mgongoni. Liiteni kwa jina lake kwenye sheria zenu. Lipo la kukata kichochoro ambacho hakikukubaliwa. Na lipo la simu: mteja amelipa kwa M-Pesa, usiku anapigiwa na mtu aliyembeba mchana. Nambari iliyokuja na malipo si ya kupigiwa. Kila mmoja awe na koti la kuakisi mwanga lenye nambari kubwa mgongoni, na simu yako wewe mwenyekiti iandikwe kwenye kibanda cha steji, ili anayelalamika aweze kusema "nambari 14" badala ya "kijana mmoja mrefu".

Adhabu ziandikwe na kila mmoja atie sahihi. Kwa maneno, asimamishwe siku 7, akirudia, mwezi. Kwa kugusa, ni polisi, na wewe ndiye wa kumpa dada huyo jina kamili na nambari ya pikipiki. Faini ya pesa msiiweke kabisa. Kijana ataitoa na kurudia, na dada ataona mwili wake umewekewa bei. Msimpige pia, mkimpiga, kesi itakuwa ya kwenu.

Vijana wakikuuliza kwa nini, wakumbushe Machi 2022. Waendeshaji boda boda walimshambulia mwanamke aliyekuwa akiendesha gari katika barabara ya Forest, Nairobi, video ikasambaa, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako nchi nzima. Walionyang'anywa pikipiki ni pamoja na watu ambao siku hiyo walikuwa mbali kabisa na Nairobi, wakibeba wateja wao kwa adabu.

Nina kibanda cha M-Pesa Bungoma. Mara nyingi naona msichana akivutwa mbele yangu. Naogopa kuingilia, kwa kuwa vijana hao ni wateja wangu na wanajua ninapolala.
*Dada wa kibandani*

Hofu yako ina msingi, na si lazima umkabili mtu. Zipo njia tano zilizoenezwa na vuguvugu la Hollaback!, lililoanzia New York mwaka 2005 na sasa linaitwa Right To Be, na nne kati yake hazikutaki ukabiliane na yeyote.

Inayokufaa zaidi ni kuvuruga tukio. Mwite msichana kana kwamba mnajuana: "Dada, umesahau chenji yako, njoo!" Usimtazame kijana kabisa. Msichana amepata sababu ya kuondoka, kijana amepata njia ya kuachia bila kuaibishwa mbele ya wenzake, na wewe hukugombana na mteja. Ikishindikana, mtafute mwingine mwenye nguvu pale, mlinzi au mwenyekiti wa steji, umwambie yeye kwa jina, "Nenda sasa hivi." Ukipaaza sauti kwa umati mzima, kila mtu humsubiri mwenzake. Kumkemea kijana ana kwa ana kuwe kwa mwisho, na kwa maneno machache, ikiwa tu hakuna dalili ya silaha wala pombe.

Unaweza pia kurekodi kutoka kaunta, mradi kuna mtu mwingine anayemsaidia. Elekeza simu kwa kijana na nambari ya pikipiki, si uso wa msichana, na useme saa na mahali kwa sauti ndogo. Video hiyo ni yake. Usimtumie mtu mwingine.

Yakiisha, mpe kiti na maji. Usimuulize alikuwa amevaa nini wala kwa nini alipita pale. Muulize, "Ungependa nikupigie nani?" Mwandikie kwenye karatasi saa, nambari ya pikipiki na simu yako kama shahidi, umpe. Akitaka kwenda polisi, leo au wiki ijayo, atakuwa nayo mkononi.